Diski ya Mama Yako Haijafa

Mwanangu Nyamizi,

Sikuulizi hali, maana juzi tu nimekuona kwa macho yangu ukipanda basi la Sikonge kwenda kumuaga bibi yako, mzima kabisa, umebeba ndoo tupu ya asali na kunisema mbele za watu kwamba shati langu limebaki na kifungo kimoja. Mimi pia ni mzima, ukiacha moyo. Naandika nikiwa dukani, kwenye meza yako, mchana, mlango nimeurudishia nusu. Shangazi yako amepita mara mbili kuuliza kama shuka zako zimepigwa pasi. Mambo ya shuka, ya sufuria, ya kutomwamini mtu anayejitolea kukushikia begi, nimemwachia yeye. Anayajua kuliko mimi, na utayasikia yote leo jioni ukirudi, hata usipotaka.

Mimi nina neno moja, na nimelizunguka tangu asubuhi. Nimefagia duka. Nimepanga nyaya kwa urefu, kazi ambayo hujawahi kuniona nikiifanya. Nimeanza karatasi tatu nikazichana. Basi nalisema hapa mwanzo, kabla sijapata ujanja mwingine. Ile diski ya mama yako, uliyoifunga kwenye kipande cha kitenge chake ndani ya sanduku lako, ambayo kesho unapanda nayo treni kwenda kusoma Dodoma, na huko ukamtafute mtaalamu wa kuifufua, haijafa. Haikuwahi kufa. Niliifuta mimi.

Sasa soma pole pole. Ukitaka kuinuka ukatembee kidogo, inuka, karatasi itakusubiri.

Ulikuwa na miaka sita mama yako alipotuacha, kwa hiyo mengi unayajua kwa kusimuliwa. Ile laptopu ya kijivu ilikuwa yetu sote wawili. Upande mmoja ulikuwa na windo, mfumo wa kompyuta nyingi za mji huu, huo ulikuwa wangu, wa kazi za duka. Upande wa pili aliweka Linux, mfumo mwingine, yeye mwenyewe, kwa hasira, siku virusi vya flashi ya mtu vilipomlia mitihani ya darasa la tano aliyokuwa ameichapa wiki nzima. Alisema harudi tena kwenye nyumba isiyofungwa mlango. Nilimcheka. Fundi ni mimi, mwalimu ni yeye, na kumbe yeye ndiye aliyekaa akasoma mpaka akaelewa jinsi mifumo miwili inavyoishi kwenye diski moja bila kugombana. Diski inagawanywa vyumba, kila mfumo na vyake, na mashine ikiwashwa kuna programu ndogo inayoamka kabla ya wote na kuuliza: leo unakwenda kwa nani? Wewe unalijua jina lake la kitaalamu. Mama yako aliiita bawabu. Mimi nilikuwa nikiwasha mashine naangalia pembeni, muda wa kujibu unapita, najikuta nimepelekwa kwake badala ya kwangu. Alikuwa akisikia nasonya anasema kutoka jikoni, "Baba Nyamizi, bawabu amekuuliza. Mjibu."

Alipojua kwamba saratani imeishinda dawa, hakuniambia siku hiyo. Aliomba hedifoni zenye maiki. Kisha akaanza kurekodi. Jirani yetu wa mashine ya kusaga alikuwa anasaga tangu asubuhi hadi magharibi, na mngurumo ule unaujua, unapita ukutani kama vile ukuta haupo. Kwa hiyo mama yako alirekodi umeme ukikatika. Mtaa mzima wa Isevya ukilalamika, yeye alifurahi. Mashine inanyamaza, kuku wanaanza kusikika, naye anasema, "Nipisheni, shule imefunguliwa," anajifungia chumbani na laptopu ikiwa na chaji yake. Yalikuwa maneno ya kukuachia wewe. Aliyapanga kama masomo, kila moja na umri wake. Mimi nilikatazwa kuingia. Nilikuwa nasimama nje ya mlango na kikombe cha uji kinachopoa, nasikia sauti yake lakini maneno siyapati. Mpaka leo umeme ukikatika nanyamaza ghafla. Ulidhani nasikiliza kama transfoma imelipuka.

Kuna jambo la babu yako Mihambo, baba yake mama yako, ambalo inabidi nilitie hapa, maana kama ningelishika nisingekuwa naandika barua hii. Hakuwa mtu wa mawaidha babu yako, unamkumbuka. Alikuwa mtu wa kucheka watu. Mwaka niliokwenda kuposa alinichukua porini kukagua mizinga. Nadhani alitaka kuona kama nakimbia. Tukafika kwenye mzinga mmoja wa gome uliokuwa kimya, mlangoni hakuna nyuki hata mmoja. Nikajitia ujuzi nikasema huu umekufa, tuushushe tuuchanje tuchemshie chai.

"Mkwilima," akaniambia, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mkwe wake, "umebisha hodi?"

Nikadhani ni utani. Akapanda mwenyewe, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Kisha akachokoa pale mlangoni kwa ncha ya kisu. Nyigu walikuwa wameuziba kwa udongo, na wenyewe nyuki walikuwa wanapita kwenye ufa wa nyuma ambao sikuhangaika kuutazama. Nyuki waliotoka pale mbele waliniuma midomo yote miwili na kope. Nilirudi nyumbani kwao siwezi hata kutamka shikamoo, mama mkwe akadhani nimenuna. Babu yako alicheka mpaka akakaa chini. "Asali ipo," alisema. "Mlango ndio umezibwa. Ungeupasua ungepata kuni." Nikacheka na mimi, kwa shida, na habari hiyo niliisimulia kwenye sherehe miaka na miaka bila kuielewa.

Miezi minane baada ya mazishi, umeme ulirudi kwa kishindo ukaiunguza kompyuta ya duka. Nikaleta laptopu ya kijivu hapa mbele. Sikuwa nimeingia upande wa mama yako tangu msiba. Kila nikiwasha, bawabu ananiuliza, nami najibu upesi windo, windo, nisije nikachelewa nikapelekwa kule. Upande wangu ulikuwa umejaa. Katikati ya vyumba vya diski kulikuwa na kimoja kidogo kitupu, mama yako alikitenga kwa matumizi ya baadaye. Nikakifuta. Sikujua, na sikutafuta kujua, kwamba ukifuta chumba cha katikati, vinavyofuata vinaweza kubadilika namba. Kilichokuwa cha sita kinakuwa cha tano. Na bawabu alikuwa ameandikiwa akatafute vitu vyake chumba cha sita.

Siku hiyo karani wa chama cha tumbaku alikuwa amekaa kwenye benchi hili hili, anataka orodha ya wakulima ichapwe kabla gari lao halijaondoka kwenda Urambo. Nikawasha mashine upya. Kioo kikawa cheusi, na mstari mmoja wa herufi nyeupe, na neno la Kiingereza lenye maana ya kuokoa, na kistari kinachopepesa, kinangoja niandike kitu.

"Fundi, mbona imezimika?"

"Haijazimika. Ngoja kidogo."

"Gari linapiga honi, fundi. Kama huwezi, sema, niende kwa mwingine."

Kama huwezi, sema. Nyamizi, maisha yangu yangekuwa mengine kama ningesema. Ningemwambia, mzee, siwezi, huu ni upande wa mke wangu na mke wangu amefariki. Angeinuka, angekwenda, mashine ingebaki na weusi wake mpaka siku ningepata mtu wa kumuuliza. Lakini nilikuwa fundi mwenye jina, na mbele ya mteja fundi mwenye jina hasemi sijui. Mafundi wa mji huu tuna ugonjwa mmoja, na umenisema mara nyingi kwa ugonjwa huo: kompyuta ikikataa kuwaka tunaipiga windo. Inawaka mpya, mteja anafurahi, na hatuulizi ilikuwa na nini ndani. Mababu zetu walikuwa wapagazi, walibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi pwani kwa miguu, na hata wao walikuwa wanaupima mzigo kwanza ndipo wauinue. Mimi nilifungua droo, nikatoa flashi ya windo, nikachomeka.

Ilipofika pale inapouliza mfumo uwekwe chumba gani, vyumba vyote vilijipanga mbele yangu. Nikakiona cha mama yako. Nilikijua kwa ukubwa wake. Nikafuta kimoja baada ya kingine, na hicho nikakifuta, nikaweka windo juu ya diski nzima. Karani alipata orodha yake. Alisema asante fundi, akaliwahi gari.

Nilijiambia kwamba upande ule ulikuwa umeshakufa, kwamba nilizika tu. Nimejiambia hivyo kwa miaka. Lakini nimeamua leo nisikupe nusu, na nusu nyingine ndiyo mbaya zaidi. Mama yako aliacha daftari. Unajua walimu, hawafundishi bila andalio la somo, na yeye hata ya kurekodi aliyaandalia. Nililikuta chini ya godoro baada ya arobaini. Masomo manane, yote yako. Nikalipekua mbele na nyuma nikitafuta langu, sikuliona. Nilimuuguza miaka miwili. Nilimbeba mgongoni hadi chooni na kumrudisha. Na neno la kuniachia mimi hakuacha. Nilimwonea wivu mtoto wangu wa miaka sita, Nyamizi. Kwa hiyo nilipoweka kidole juu ya kile chumba sikuwa fundi mwenye haraka tu, nilikuwa mtu mwenye hasira na marehemu. Hilo sijamwambia hata mchungaji.

Kisha nikaijaza ile diski. Sinema zilizotafsiriwa, nyimbo za kuwaingizia vijana kwenye flashi zao, mpaka ikawa haina nafasi. Kila sinema niliyoiweka ilikaa juu ya kitu, sasa najua. Wakati ule sikujua, au sikutaka kujua. Kwangu siku hizo mambo hayo mawili yalikuwa ni kitu kimoja.

Ulipomaliza darasa la pili ulikuja hapa umevaa sare, umesimama kama unakuja kusoma shairi. "Baba, shangazi anasema mama aliniachia sauti kwenye kompyuta. Naomba niisikie." Nilikuwa na neno la kweli mdomoni, nakuapia. Likatoka lingine. Nikasema diski imekufa, mama, pole. Kesho yake nikaweka diski mpya kwenye laptopu, ile ya zamani nikaichomoa nikakukabidhi mkononi, ili uongo uwe na kitu cha kushika. Ukaomba kipande cha kitenge cha mama ukaifunga. Na ili usije siku moja ukaichomeka mahali, nikakupa kanuni: diski inayogonga usiiwashe, kila ikizunguka inajikwaruza zaidi. Kanuni hiyo ni ya kweli, uendelee kuishika kwa diski za watu. Lakini mimi niliichukua ikanilindie uongo wangu. Nawe uliishika miaka kumi na moja. Mtoto aliyefungua redio yangu akiwa na miaka kumi, aliyefungua saa ya ukutani ya kanisani na kuirudisha inatembea, diski ile hukuichomeka hata siku moja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekuwa ndefu kwa sababu wewe ni mtiifu.

Sasa nije kwenye siku ambayo labda umeisahau. Ulikuwa kidato cha pili, likizo ya mwezi wa sita. Alikuja yule muuguzi wa Igalula, ana laptopu aliyowekewa Linux na mwanawe karibu na windo yake. Mwanawe alikuwa amechezea vyumba vya diski, akaondoka zake. Yule mama akaiwasha hapa mezani. Kioo cheusi, mstari mweupe, neno lile lile la kuokoa. Nikasema kama ninavyosema siku zote, "Hiyo ni ya kupiga windo tu, dada yangu. Nusu saa."

Wewe ulikuwa unakula muhogo. Ukafuta mikono kwenye sketi. "Baba, subiri. Shikamoo mama. Humu una nini?"

"Marahaba mwanangu. Nina picha za marehemu mume wangu," akasema. "Na kazi za kliniki. Lakini zaidi picha."

"Basi tusiguse kitu. Hebu tuiulize yenyewe kwanza."

Ukaandika herufi mbili. Mashine ikakujibu orodha ya vyumba vyake. Ukaanza kukiuliza kimoja kimoja, cha kwanza hakikujulikana, cha pili vivyo hivyo, unaandika na kunong'ona kama unahesabu kuku. Kwenye cha tano ikajibu. Ukaielekeza bawabu wake yuko wapi, mistari mitatu, minne, ukabonyeza, na ile orodha ikatokea, mifumo yote miwili, mmoja juu ya mwingine, kama hakuna lililotokea. Ukaingia ndani, ukanakili picha zake zote kwenye flashi kwanza, kabla ya kumrudisha bawabu mlangoni rasmi. Muhogo wako ulikuwa bado wa moto. Yule mama aliziona picha akafunika mdomo kwa ukaya wake.

"Ilikuwa haijafa, Baba," ukaniambia. "Imepotea njia tu. Vyumba vilibadilishwa namba."

Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya banda la mashine ya kusaga. Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Miaka yote nilidhani nimemzika aliyekufa, kumbe nilikuwa nimempasua mzima. Muda wa mtu kumaliza kipande cha muhogo, ndio uliokuwa kati yako na sauti ya mama yako. Ulinifuata ukaniuliza mbona macho mekundu, nikasema vumbi la pumba. Ukaniletea maji kwenye kata ninawe.

Uliporudi shule nilifungua sanduku lako. Nisamehe na hilo. Niliichomeka ile diski, ikawaka vizuri kabisa, haikugonga hata mara moja, na kwa wiki nzima nikaendesha programu za kutafuta vilivyofutwa. Nilipata sinema nyingi. Nilipata kurasa nne za mtihani wa darasa la tano, swali la kumi na mbili limekatika katikati. Nilipata nusu ya picha ya mwalimu mwenzake. Sauti sikupata, hata sekunde moja. Nikaifunga kwenye kitenge nikafuata mikunjo ile ile, nikairudisha. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyo nimemlea peke yangu.

Nilitaka barua hii niifiche chini ya nguo zako, uikute treni ikishapita Igalula. Nilikwishaiandika hivyo mwanzoni, moja ya zile karatasi nilizochana ndiyo hiyo. Mtu akikusomea kosa lake ukiwa kwenye treni, huna mlango wa kutokea wala uso wa kumtazama. Ilikuwa ni haraka ile ile ya siku ya karani. Wiki iliyopita nilikusikia ukimwambia bibi yako kwenye simu, "Bibi, nakwenda kusoma, lakini cha kwanza ni diski ya mama." Hapo nikajua nimefika mwisho. Ungeikabidhi kwa mgeni, angeiwasha, angekuambia dada, hii ni nzima, imejaa sinema za kutafsiriwa. Ungelisikia hilo kwenye chumba cha watu usiowajua, siku ya kwanza, peke yako. Hilo sikuweza.

Kuhusu kazi sina la kukufundisha. Ulinipita siku ile ya muhogo, na unajua kuuliza humu una nini kabla hujagusa. Sijui hata kama ulijifunza kwa mtu. Mimi ningekuomba kimoja tu, na nakuomba kama aliyekosea. Siku utakapoharibu kitu cha mtu, na utaharibu, mikono ni mikono, mwambie siku hiyo hiyo, akiwa bado amesimama mbele yako. Atakutukana, atalia, atakwenda. Kesho yake wewe bado ni mtu. Mimi nilingoja kesho, na kesho ikawa mtoto wangu mwenyewe anafunga uongo wangu kwenye kitenge na kuulaza kati ya nguo zake.

Diski ukitaka ichukue, ukitaka iache. Ukiichomeka itawaka. Mimi naamini hakuna kilichobaki, lakini nikisema kitu kimekufa, mimi si mtu wa kuaminiwa tena. Mpe huyo mtaalamu akitaka kuijaribu, ni haki yako.

Daftari nimeliweka chini ya barua hii. Nililificha miaka yote kwa sababu lingekuonyesha ukubwa wa kilichopotea. Ni lako, lilikuwa lako tangu mwanzo. Kuna somo la siku utakapoingia darasa la kwanza, na la siku utakapokuwa msichana mkubwa, na la siku utakapopendwa na mtu asiyefaa, hilo ameliandalia kurasa mbili. Masomo mengine siku zake zimepita bila wewe kuyasikia, na kila siku ilipopita niliijua. Asubuhi uliyojifungia bafuni unalia, unamwita shangazi yako, mimi nilijua hilo lilikuwa somo la tatu, la msichana mkubwa.

La nane nimelisoma tena leo mchana, na nalinakili hapa kama alivyoliandika, kwa mkono wake wa ubaoni:

"Somo la nane. Siku anaondoka nyumbani. Kwanza cheka, asije akadhani ni msiba. Mwambie kwamba baba yake atasema ana kazi dukani. Asikubali. Amvute mkono aje naye mpaka stesheni, maana akibaki nyumbani atajilaumu. Mwisho:"

Baada ya hapo pameachwa wazi. Miaka yote nililisoma somo hilo kwa wivu na sikujiona nimo. Nimo mistari mitatu. Na kweli, Nyamizi, nilikuwa nimeshamwambia shangazi yako kwamba kesho atakusindikiza yeye, mimi nina printa ya mtu.

Nitaiweka barua juu ya sanduku lako, kisha nikakae kwa jirani kwenye banda la mashine. Ukiniita nitakuja. Usiponiita nitakaa. Kesho duka nimelifunga. Nitakuwa stesheni, na kama hutaki kunishika mkono nitasimama mbali kidogo, upande wa mizigo, utaniona.

Alichokisema mwisho sikijui. Hakuandika, nami nilikuwa nje ya mlango na kikombe cha uji. Lakini mchana mmoja wa siku zile umeme ulikatika, mashine ikanyamaza, nikamsikia mama yako anaanza somo kwa kicheko. Nikashangaa, nikajiuliza mgonjwa huyu anacheka na nani. Alicheka, mwanangu. Hilo nililisikia mwenyewe, na lilikuwa lako.

Baba yako